Santuri ya Arafa Mhando

Nianze kwa kusema kwamba mimi sina wivu. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi, jina la Arafa Mhando likitajwa nilipo, watu hunitazama usoni kama wanavyotazama maziwa yaliyo jikoni, wakingoja yafoke. Hayafoki. Nimelitumikia taifa hadi mvi, nina nishani ya utii ya daraja la pili, na goti langu la kushoto lilitibiwa ng'ambo kwa gharama ya serikali. Mtu mwenye goti la serikali amwonee wivu nani?

Nchi yetu ni Jamhuri ya Staha. Haimo katika ramani yoyote, kwa kuwa kamati ya ramani bado haijakubaliana nani atangulie kutia sahihi. Lakini ipo. Ina bendera, ina Baba Mlezi wa Taifa, ina okestra. Na ina desturi moja inayotutenga na mataifa yaliyokosa malezi, nayo ni desturi ya kupokea.

Kwingineko, mtoto mwenye adabu akimwona mtu mzima na kikapu humkimbilia: "Shikamoo, lete nikupokee." Sisi adabu hiyo tumeiendeleza. Kwetu mkubwa naye humpokea mdogo. Hampokei kikapu, la, kikapu abebe mwenyewe, humpokea sifa. Sifa ni mzigo mzito, wataalamu wetu wamethibitisha, na shingo ya kijana bado laini. Kwa hiyo mdogo akitenda jambo likasifiwa, mkubwa wake hufika, akanyoosha mikono miwili na kusema, "Lete mwanangu, nikupokee." Mdogo hushukuru. Kuanzia hapo jambo lile ni la mkubwa, mpaka atokee mkubwa kuliko yeye.

Mwanafunzi akiwa wa kwanza, cheti huandikwa jina la mwalimu mkuu. Kuna mwanamke wa wilaya ya kusini aliyejifungua mapacha watatu. Mkuu wa wilaya akampokea pongezi, akapigwa picha amewapakata, na kwa kuwa serikali yetu hufuata sheria, akapewa likizo ya uzazi. Alirudi kazini amenawiri.

*

Mimi, Shekiondo, nilikuwa Mwongozaji Mkuu wa Okestra ya Taifa. Fidla na tarumbeta zetu tulipewa zawadi na nchi rafiki ambayo baadaye ilikwisha. Kazi yetu ilikuwa uwanja wa ndege. Baba Mlezi akisafiri, tunampigia. Akirudi, tunampigia. Akiahirisha, tunampigia wimbo wa kuahirisha, ambao niliutunga mwenyewe na bado unatumika.

Lakini nilikuwa na jambo moyoni. Tangu ujanani, nilipokuwa masomoni, nilitamani kurekodi simfoni za wale mabwana wa zamani wa Ulaya waliovaa nywele za bandia. Nilizisoma mpaka karatasi zikalegea. Kila mwaka niliomba ruhusa, na kila mwaka Mheshimiwa Makwega, Waziri wa Utamaduni, Utulivu na Foleni, alinijibu: "Vuta subira, Mwongozaji. Kwanza tumalize maadhimisho." Maadhimisho ya Staha hayaishi. Nilivuta subira mpaka nywele zangu mwenyewe zikafanana na zile za bandia.

Ndipo akaja Arafa. Alikuwa ametoka masomoni hivi karibuni, ana viatu vya raba na kicheko ambacho hakukiombea kibali. Tukampa cheo cha Mwongozaji Msaidizi wa Muda Asiyeongoza. Kazi yake ilikuwa kunishikia koti. Nilimpenda, sikatai. Nilimwonyesha zile simfoni zangu, ukurasa kwa ukurasa, nikamweleza ningezirekodi vipi kama ningeruhusiwa. Alisikiliza vizuri mno. Ningekuwa mtu wa kushuku ningeshuku hapo.

Siku moja kampuni ya santuri kutoka ng'ambo ikaomba kuja kuirekodi okestra yetu, kwa udadisi tu, na Waziri akakubali, maana hakuisoma barua hadi mwisho. Mafundi wakafika na mitambo yao. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye Kongamano la Kutafakari Nafasi Zetu, ambako viongozi wote tulifundishwa kuketi kwa kufuata ukubwa. Lilipangwa liwe la asubuhi moja, likala wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuketi kabla ya mwenzake. Nilirudi miguu imevimba. Mafundi walikuwa wameshaondoka, na Arafa alikuwa amesharekodi simfoni tatu.

*

Nilizisikiliza nyumbani, alasiri, mlango nimeufunga. Nikaanza na ya kwanza. Nikaisimamisha. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi. Mke wangu, Mama Hiari, alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Akapunguza moto, akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Hiari, leo mmepiga! Mbona siku zote hampigi hivi?"

"Sikuwepo."

"Kumbe ni watu wengine?"

"Ni wale wale wangu. Waliongozwa na Arafa."

Akasikiliza tena kidogo. "Basi ndiyo maana," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Kama ningekuwa na wivu, ungeniingia hapo. Haya, tuko wenyewe, acha niseme: uliingia. Ulipita mlango wa mbele, ukavua viatu, ukakaa. Sikumwonea Arafa wivu kwa sababu ya ujana wake wala masomo yake. Nilimwonea kwa sababu ya mahali pamoja katikati ya simfoni ya pili, ambapo okestra yote hunyamaza na tarumbeta moja hubaki peke yake na noti moja ndefu. Mpigaji wetu ni Gervas Mtambo. Noti ile Gervas alikuwa akinikosea mazoezini mwaka hadi mwaka, ikitoka imekwaruzika kama mtu aliyeamshwa vibaya, hata nikatoa nadharia kwamba hewa ya Staha ina unyevu. Katika santuri ya Arafa noti ile ilitoka safi. Na kabla haijatoka, ukitega sikio, ilisikika sauti ya mwanamke ikivuta pumzi na kuimba chini kwa chini, kama anayemshika mtu mkono wavuke barabara.

Nikamwita Gervas ofisini.

"Umeponaje?"

"Sikuwa naumwa, Mzee."

"Ile noti."

Akakuna shingo. "Alinitazama, Mzee. Kabla ya kunipa zamu yangu alinitazama."

"Na mimi sikutazami?"

"Wewe huwa unatazama kiti cha mgeni rasmi."

Nikamnyima likizo.

*

Kesho yake nikawakusanya ukumbini wote, nikanyoosha mikono miwili kama desturi inavyotaka. "Arafa mwanangu," nikasema, "mzigo huu utakuvunja shingo. Lete nikupokee."

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Ahsante sana, lakini si mzito. Naubeba mwenyewe."

Sheria za Staha hazina adhabu ya mtu aliyesema hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusema hivyo. Mpiga fidla wa kwanza akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Kisha Arafa akanisogelea, akasema kwa sauti ya kusikiwa na mimi tu: "Mwalimu, tuandike majina mawili. Lako na langu. Bila wewe nisingezisoma."

Majina mawili! Yaani nusu! Nigawiwe nusu ya santuri yangu mwenyewe, kwa sababu tu yeye ndiye aliyeirekodi! Nilimwambia sijawahi kudharauliwa namna ile tangu nizaliwe. Nikampokea kwa nguvu, na santuri ikatoka ikiwa na jina langu na picha yangu juu ya jalada, ile niliyopigwa nilipokuwa bado na shingo.

Niliifurahia kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi Waziri Makwega alinitembelea. Alinitazama kwa huruma kubwa. "Shekiondo," akasema, "unaonekana umechoka. Lete nikupokee." Nilishukuru. Meno yaliniuma wiki nzima kwa jinsi nilivyoyabana. Jalada likachapwa upya na picha ya Waziri, ambaye alikuwa hajui kama simfoni hupigwa ukiwa umesimama ama umeketi. Lakini naye hakudumu, maana Baba Mlezi mwenyewe alisikia watu wanaisifu redioni, na jioni ile ile akamwita Ikulu akampokea.

Jalada la mwisho lilikuwa na picha ya Baba Mlezi ameshika kifimbo cha kuongozea kama mtu anayesubiri maji ya kupigia mswaki. Kwenye uzinduzi Waziri akatoa hotuba. "Ndugu wananchi," alisema, "wengine huongoza nchi, wengine huongoza okestra. Ni Mungu gani aliyetupenda hivi akatupa mtu anayeongoza vyote viwili bila kuhudhuria mazoezi?" Tukapiga makofi. Mwandishi mmoja, mgeni wa kazi, akauliza ile sauti ya mwanamke inayosikika ndani ya santuri ni ya nani. Waziri hakubabaika. Alieleza kwamba hiyo ni sauti ya Taifa, ambalo ni mama yetu, na ambalo Baba Mlezi hulibeba kifuani popote aendapo. Wakati wa simfoni lilitoka kidogo kupunga hewa.

Arafa alihamishiwa polisi, kuwafundisha askari wa barabarani kupuliza filimbi. Tulidhani huko atatulia. Lakini baada ya muda mfupi makutano ya Soko Kuu hayakuwa na msongamano tena. Magari yalipishana kwa raha, madereva wakaacha kutukanana, na watu walikuwa wakisimama kando ya barabara kuwatazama askari wakinyanyua mikono. Nilikwenda kujionea, kwa nia njema. Nikawaonea wivu hata wale askari. Mkuu wa Polisi naye akampokea, na mambo yakarudi kuwa ya kawaida.

*

Tatizo la muziki mzuri ni kwamba unasikika mbali. Ng'ambo, katika nchi ya baridi yenye ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote, waliisikiliza ile santuri mara nyingi kuliko inavyofaa. Wakaleta mwaliko: Baba Mlezi wa Staha aje aongoze simfoni ya pili, mubashara, mbele ya okestra yao, ambayo inasifika kuwa haijawahi kukosea.

Ikulu ikatafuta daktari. Daktari akaingia, daktari akatoka. Hatimaye Baba Mlezi akamwita Waziri na kusema maneno ambayo hayajawahi kutamkwa katika historia yetu: "Makwega, mzigo wako huu hapa. Nilikushikia tu."

Waziri Makwega alitoka pale mikono yote miwili imefungwa plasta. Alianguka ngazini, alisema, ingawa Ikulu ni nyumba ya chini. Akapitia moja kwa moja nyumbani kwangu, na kwa kuwa mikono yake haikunyooka, akanisukumia mwaliko kwa kidevu.

"Mwenye mali ni wewe, Shekiondo. Chukua. Au mteremshie yule binti, yupo."

Ilikuwa rahisi. Kila mtu alijua nitakavyofanya. Nikaenda Soko Kuu, nikamkuta Arafa kivulini amevaa fulana ya polisi inayompwaya, anakula muhindi wa kuchoma. Alikuwa ameshapata habari. Akasimama, akajifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwaliko umekuja."

"Nimesikia." Akangoja. Nikaona vidole vyake vimeanza kucheza pajani, vinahesabu mwanzo wa simfoni ya pili. "Nipe tu, Mwalimu. Nitakwenda. Na nikirudi jalada liandikwe vyovyote mtakavyo, sitajali. Nataka kuisimamia mara moja tu, pale, na watu wale."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumteremshia. Lakini vile vidole vilinishinda. Nikamwona amesimama kwenye ukumbi ule, anamtazama mpiga tarumbeta wao, naye anaitoa noti. Nikahisi kifua kinawaka kama nimekunywa pilipili. Bora niaibike mimi, niliwaza, kuliko ang'ae yeye.

"Hapana," nikamwambia. "Mzigo ni mzito. Nitakwenda mwenyewe."

"Mwalimu, watakuumbua."

"Walionikosesha maisha yangu yote ni wapigaji wabovu," nikasema. "Leo napewa wazuri."

*

Na kweli nililiamini hilo, ndilo lililonipandisha ndege. Nilisadiki kwamba muziki niliousikia kichwani tangu ujana ulikuwa mzima, na kwamba uliharibikia njiani, kwenye midomo ya kina Gervas. Nipewe okestra isiyokosea, dunia itasikia.

Ukumbi ulijaa. Nikainama, nikageuka, nikatafuta kiti cha mgeni rasmi nikitazame, nikakuta hakuna, wenzetu hawana. Nikanyanyua kifimbo.

Okestra ile haikosei. Ilifanya kila nilichowaambia. Mkono wangu ulipositasita, wakasitasita wote, kwa pamoja, kwa usahihi wa ajabu. Mkono ulipochelewa, walichelewa kwa kipimo kile kile. Nikasikia simfoni inajikokota kwenda mbele, na nikaitambua. Ilikuwa ile ile ya Staha, ya uwanja wa ndege, ya maisha yangu yote, safari hii ikipigwa na watu bora duniani. Tulipofika kwenye ile noti, mpiga tarumbeta alininyanyulia macho kuomba zamu yake. Mimi nilikuwa nikitazama kilipopaswa kuwa kiti. Noti ikatoka imekwaruzika.

Hapakuwa na unyevu wowote ukumbini. Walipiga makofi machache ya adabu, kama ya watu wanaokung'uta unga mikononi. Nikaenda hotelini nikalala na viatu.

*

Kwetu, kama nilivyosema, sifa hupanda. Aibu haijawahi kupanda hata siku moja. Nilipotua Staha, kikao cha dharura kilikuwa kimeshakaa, na uamuzi umepatikana: aibu ile ni ya Arafa Mhando.

Mtaalamu mmoja wa Wizara akauliza, itakuwaje yake na hakusafiri? Waziri akamjibu kwamba ili lawama imfike vizuri, ni lazima kwanza ieleweke kuwa muziki wote ni wake. Basi wakaanza kuieleza nchi. Redio ikatangaza asubuhi, mchana na jioni kwamba aliyeziongoza simfoni zile tangu mwanzo ni Arafa Mhando, na si mwingine. Santuri zote zikakusanywa zikachapwa jalada jipya, jina lake kwa herufi nyekundu kubwa, na picha yake, ili hata asiyejua kusoma ajue wa kumlaumu. Mabango yakawekwa makutano ya Soko Kuu: HUYU NDIYE. Watu wakanunua ili wamlaumu kwa uhakika. Wakasikiliza. Nikawasikia majirani wakimlaumu hadi machozi yakawatoka, kisha wakairudisha mwanzo wamlaumu tena.

Kule ng'ambo nako, wenye ukumbi walikuwa wamemwona kwa macho yao mzee mwenye goti akiiua simfoni ya pili. Walipoona jalada jipya lina picha ya binti, hawakuhitaji mkalimani. Wakaleta mwaliko mwingine, una jina lake. Wizara ikauidhinisha haraka, kama nyongeza ya adhabu: aende akawatazame usoni watu aliowaaibisha.

Na mimi? Mimi nilisafishwa. Hakuna lawama hata chembe iliyoniangukia, wala sifa. Jina langu halikuwa kwenye jalada, halikuwa kwenye bango, halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Asubuhi aliyokuwa anaondoka Arafa nilishindwa kunywa chai. Nikavaa suti yangu, nikaenda Wizarani, nikamkuta karani wa zamu, kijana mpole aitwaye Sefu.

"Nimekuja kudai changu," nikamwambia.

"Kipi, Mzee?"

"Ile aibu. Aliyeharibu kule ng'ambo ni mimi. Niandikeni."

Akanitazama kwa upole. "Mzee wangu, Mheshimiwa Waziri naye alipita jana, anasema yeye ndiye aliyeharibu. Plasta ameshazitoa. Na kuna watu wa Ikulu wamepiga simu."

"Waongo! Mikono hii hapa!" Nikainyanyua mbele yake. "Nipeni okestra yoyote, sasa hivi, nitaiharibu mkiona kwa macho yenu. Walete kina Gervas. Niharibu mara moja tu muamini."

"Okestra haipo, Mzee. Wote wameondoka bila ruhusa, wako uwanja wa ndege wanamsindikiza."

Nikakaa. "Wanampigia wimbo gani? Wa kusafiri?"

"Nasikia zile simfoni. Ndege imeshindwa kuondoka."

"Nani anawaongoza?"

"Mwenyewe, yuko juu mlangoni mwa ndege. Wanasema abiria wamegoma kufunga mikanda, wote wamebanana upande mmoja madirishani wanamtazama."

Sefu akaniletea maji. Niliyashika tu bila kunywa, na pale kitini, na suti yangu, nikawaonea wivu wale abiria, kuanzia yule wa dirishani hadi yule wa nyuma kabisa aliyekuwa haoni kitu.